Duara la toba gerezani: kuendesha wiki 12 bila kugeuza dini kuwa hongo

Ziara ya kikundi cha dini gerezani inajulikana ilivyo: basi dogo, spika, kwaya au kaswida, mahubiri ya saa nzima, katoni za sabuni, picha ya pamoja getini, kisha kimya mpaka Krismasi au Ramadhani nyingine. Sabuni haina ubaya, inahitajika. Lakini mfungwa aliyeketi chini kwenye mstari hajaulizwa neno wala hajasema neno, na jioni anarudi bwenini kwenye maisha yale yale.

Mwongozo huu wa duara la toba, yaani wafungwa wachache wanaoketi pamoja na waongozaji kila wiki kwa wiki 12, ni kwa kikundi cha msikiti, kanisa au vyote viwili kinachotaka gereza liwe mahali ambapo mtu anaweza kugeuka kweli. Zanzibar magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo, na waliomo huitwa wanafunzi. Jina ni zuri. Ila jina halifanyi kazi peke yake, na hata nia njema inaweza kuumiza, kama historia inavyoonyesha.

Mwaka 1829 lilifunguliwa Philadelphia, Marekani, gereza la Eastern State, lililojengwa mahususi kwa ajili ya toba. Kila mfungwa alikaa peke yake katika chumba chenye tundu moja la mwanga darini, akiwa na Biblia na kazi ya mikono, na alipotolewa nje alifunikwa kichwa asiwaone wenzake. Walioanzisha utaratibu huo waliamini kwamba ukimya utamkutanisha mtu na Mungu. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akaandika kwamba mateso yale ya akili yanazidi mateso yoyote ya mwili. Leo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Zipo njia zilizokwenda vizuri zaidi. APAC ya Brazil, chama cha kuwalinda na kuwasaidia waliohukumiwa, ilianza mwaka 1972 huko São José dos Campos chini ya mwanasheria Mário Ottoboni. Katika magereza yake wafungwa wenyewe hushika funguo, hupika na kusimamiana, na familia zao huhusishwa tangu mwanzo. Huko Delhi, gereza la Tihar, chini ya Kiran Bedi, aliyekuwa mkuu wa magereza ya huko wakati huo, liliandaa Aprili 1994 kozi ya siku 10 ya kutafakari kwa ukimya kwa wafungwa zaidi ya 1,000, baada ya kuanza na kozi ndogo ambayo maofisa wa gereza nao waliketi. Moja ni ya Kikatoliki kwa asili, nyingine imetoka katika mapokeo ya Kibudha, lakini vitu vitatu vinafanana: mtu huingia kwa hiari, kuna nidhamu ya kila siku, na hakuna anayegeuka peke yake. Mpango ulioelezwa hapa umejengwa juu ya hivyo vitatu, kwa kiwango ambacho kikundi cha mtaani kinaweza kukimudu.

Kikundi na barua

Tafuta watu sita. Wawili wa kuongoza duara, wawili wa kusaidia na kuchukua zamu kiongozi akiugua, mmoja wa kumbukumbu, na mmoja ambaye haingii gerezani kabisa: kazi yake ni kutembelea familia. Huyu wa sita ndiye anayesahaulika, na bila yeye wiki mbili za mwisho hazina maana. Kwenye gereza la wanawake waongozaji wawe wanawake.

Kabla hamjaomba kibali, kila mmoja atamke mbele ya wenzake kwamba atahudhuria wiki zote 12. Asiyeweza abaki kwenye sala za nje. Mfungwa amekwisha kuachwa na watu wengi. Mwalimu anayekuja wiki tatu akapotea anamthibitishia yale anayoyaamini tayari.

Barua iende kwa mkuu wa gereza, naye ataipeleka ngazi ya juu inapobidi. Iwe kurasa mbili tu, pamoja na viambatisho: majina na namba za vitambulisho vya watakaoingia, barua ya utambulisho kutoka msikiti au kanisa, ratiba ya wiki 12, orodha kamili ya vifaa, na idadi ya washiriki mnaowaomba. Andika siku na saa mnazopendekeza, lakini ulizia kwanza ratiba ya ndani. Asubuhi kuna hesabu na kazi za nje. Alasiri mapema mabweni hufungwa. Katikati hapo nafasi iliyobaki mara nyingi haizidi saa mbili, na upekuzi wa getini unakula sehemu yake. Panga kipindi cha dakika 90.

Hamuombi hisani. Kanuni ya 65 ya Kanuni za Mandela inasema mfungwa yeyote asinyimwe kumwona kiongozi wa dini yake, na papo hapo inasema kwamba akikataa kutembelewa, uamuzi wake uheshimiwe kabisa. Sehemu hiyo ya pili isomeni mara mbili.

Ombeni pia askari magereza mmoja au wawili wapitie mpango mzima pamoja nanyi kabla haujaanza, kwa saa mbili, nje ya zamu yao. Askari asiyejua kinachofanyika atakuja mlangoni wiki ya tano, atamwona mtu mzima analia, atadhani kuna vurugu, na kipindi kitavunjwa.

Nani aingie

Watu 12 hadi 16. Wakipungua 8 duara linapoa. Wakizidi 16 wapo watakaomaliza wiki nzima bila kusema neno. Wakijitokeza 40, endesheni duara moja kwanza, la pili lifuate. Tangazo lisomwe bweni kwa bweni, na majina yaandikwe na mtu wenu, si na nyapara. Nyapara akiandika orodha utapata rafiki zake na wadeni wake.

Chukueni waliokwisha kuhukumiwa. Mahabusu ana kesi mahakamani, na sheria inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo: Katiba ya Tanzania inasema hivyo katika ibara ya 13(6)(b), ya Kenya katika ibara ya 50(2)(a). Ukimkalisha kwenye duara la kukiri makosa mbele ya watu 15, unaweza kuwa umemtengenezea mashahidi. Mahabusu wapeni sala, masomo na sikio la faragha. Duara hili wasubiri.

Aliyefungwa kwa zaidi ya kosa moja, aliyekaa miaka mingi, aliye na kifungo cha maisha, wote wanafaa. Mwenye kifungo kirefu mara nyingi ndiye nguzo ya duara, kwa sababu hana haraka ya kumfurahisha mtu. Asichukuliwe aliyebakiza chini ya wiki 12, wala mwenye ugonjwa wa akili usiotibiwa. Huyu wa mwisho ukimya unaweza kumzidishia sauti anazozisikia; mpelekeni zahanati ya gereza.

Tangazo liseme wazi: hakuna chakula cha ziada, hakuna barua ya kuombea msamaha, hakuna sabuni kwa washiriki. Mkiwa na msaada wa vitu, upitie kwa uongozi na ugawiwe gereza zima, katika siku ambayo si ya duara.

Vifaa

Daftari moja la kurasa 48 kwa kila mshiriki, lililoshonwa kwa uzi, kwa sababu waya na pini hutolewa getini. Kalamu 20 za plastiki angavu. Zihesabiwe zikitolewa na zikirudishwa, kila kipindi. Kijiti laini cha urefu wa kiganja, au hata kitambaa kilichofungwa fundo, cha kupokezana wakati wa kusema. Mikeka mitatu. Biblia na Kurani zenye jalada laini, chache, za kutumia hapo hapo. Ukitaka kugawa vitabu vya kubaki bwenini, vikabidhi maktaba ya gereza kwanza: karatasi zake ni nyembamba na husokota sigara vizuri, jambo ambalo askari watakuambia huku wakicheka.

Simu, fedha, sigara na vyuma vibaki nje. Saa ya mkononi acheni pia. Ombeni saa ya ukutani, au askari agonge mlango zikibaki dakika 15.

Wasiojua kusoma watakuwapo. Msiwaulize mbele ya watu. Kila zoezi lifanyike kwa mdomo kwanza, na daftari liwe ziada kwa anayetaka. Asiyeandika anaweza kuchora.

Dakika 90 zilivyo

Duara, wote chini au wote kwenye viti, waongozaji wakiwemo. Mkikaa ninyi kwenye viti na wao chini, mmekwisha kuhubiri.

Dakika 10 za kwanza ni kimya. Wiki ya kwanza anzeni na dakika tatu, ongezeni polepole mpaka 10 ifikapo wiki ya sita. Njia ni moja kwa wote: kaa wima, macho chini, hesabu pumzi kutoka 1 hadi 10, ukipotea anza tena 1. Anayetaka kuingiza dhikri au sala fupi ndani ya pumzi yake afanye hivyo bila sauti. Mwambieni kila mmoja kwamba anaruhusiwa kufumbua macho, kusimama au kutoka. Baadhi ya watu, wakinyamaza tu, huona tena tukio lenyewe. Akianza kutetemeka au kupumua kwa kasi, msaidizi amkae karibu, amwombe ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, na asimguse.

Dakika 10 zinazofuata ni za kisa au aya, na kiongozi asizidishe. Hapa ndipo mipango mingi hufa: mhubiri anapata watu wasioweza kuondoka, anakwenda dakika 50. Mpeni msaidizi kazi ya kumwonyesha kiganja zinapokwisha.

Dakika 45 ni za kijiti. Swali moja tu la wiki. Mwenye kijiti anasema, wengine hawajibu, hawashauri, hawamwombei katikati ya maneno yake. Anaweza kupitisha bila kusema. Dakika 15 ni za kupanga kazi ya wiki, na 10 za mwisho ni za dua. Waislamu na Wakristo wakiwa pamoja, aombe mmoja wa upande huu wiki hii na wa upande ule wiki ijayo, na wengine wanyamaze kwa heshima.

Wiki kumi na mbili

*Wiki ya 1 na 2* ni za masharti na ukimya. Kila mtu ataje jina lake na jina alilokuwa akiitwa na mama au bibi yake. Namba ya kifungo isitajwe. Sheria za duara zisizidi sita, na wazitunge wao. Siku hiyo hiyo tangazeni mipaka ya siri: yanayosemwa yanabaki, isipokuwa mtu akieleza kwamba anataka kujidhuru, kumdhuru mwingine au kutoroka. Msiahidi zaidi ya hapo. Waambieni pia wasitaje makosa ambayo hawajashtakiwa, wala majina ya walioshirikiana nao.

*Wiki ya 3 na 4* zinahusu kusema kweli. Kisa cha Yusuf kimo katika Kurani na katika Biblia, na wafungwa wanakijua kuliko wageni wengi. Tumieni sehemu isiyozoeleka: katika sura ya Yusuf, aya ya 50, mfalme anamwita atoke gerezani naye anakataa kutoka mpaka jambo la wale wanawake lichunguzwe kwanza. Mtu anayetaka ukweli kabla ya mlango. Swali la duara liwe: "Siku ile, kabla hujatenda, ulikuwa na njia ngapi mbele yako?" Swali la "kwa nini ulifanya" huleta utetezi, swali la njia huleta kumbukumbu.

Atakuwapo anayesema hakutenda kosa. Msibishane naye, watu husingiziwa na mahakama hukosea. Mpeni swali jingine: "Mbali na kesi hii, ni nani uliyemuumiza maishani mwako?" Ni vigumu mtu kukosa jibu la swali hilo.

*Wiki ya 5 na 6* ndizo nzito zaidi, na ziendeshwe na kiongozi aliyekomaa. Wekeni mkeka mtupu katikati. Ni wa aliyeumizwa. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na gerezani aliyetendewa hayupo kamwe: mazungumzo yote huwa ni ya rufaa, ya msamaha, ya chakula. Kila mshiriki achore miduara mitano, mmoja ndani ya mwingine: aliyeumizwa, wa nyumbani kwake, wa nyumbani kwangu, majirani, mimi mwenyewe. Ndani ya kila mmoja aweke kitu kimoja kilichopotea, na kiwe kitu halisi: ada ya shule, usingizi, duka, mguu. Neno "amani" halitoshi.

Wiki ya 6 kila mmoja aandike au aseme barua kwa aliyeumizwa, barua ambayo haitapelekwa. Ichanwe siku hiyo hiyo kabla ya kurudi bwenini. Ikibaki kwenye daftari itasomwa na wengine, na itatumika kama fimbo.

Asiwepo yeyote, kwa sababu yoyote, atakayemtafuta aliyeumizwa au familia yake kwa niaba ya mfungwa. Kuombwa msamaha usioutaka ni kuumizwa mara ya pili. Upande wa aliyeumizwa wenyewe ukitaka kukutana, jambo hilo lipelekwe kwa maafisa wa ustawi wa jamii au wa uangalizi walio na mafunzo ya upatanishi, nanyi mkae kando.

*Wiki ya 7* itenganishe majuto na toba. Anayejuta anasema "laiti nisingekamatwa." Toba ina hatua. Wanazuoni wa Kiislamu huzitaja: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kuirudisha. Upande wa Kikristo, Zakayo, mtoza ushuru wa katika Luka 19:8, haishii kwenye majuto. Anataja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Waislamu na Wakristo watagundua wenyewe kwamba dini zote mbili zinadai risiti.

*Wiki ya 8 hadi ya 10* ni za fidia, nasi tunaziona kuwa ndizo moyo wa mpango. Mfungwa hana shilingi, lakini ana mikono na muda. Kila mmoja achague fidia moja ya ndani ya gereza yenye kipimo na shahidi. "Nitakuwa mtu mwema" si fidia. "Nitamfundisha mwenzangu kusoma siku tatu kwa wiki" ni fidia, na shahidi ni huyo mwenzake. Nyingine zilizo ndani ya uwezo: kumfulia mgonjwa asiyejiweza, kurudisha kilichoporwa kwa mfungwa mgeni, kumwachia mtu deni la sigara mbele ya watu wawili, kuacha kumlazimisha mdogo afanye zamu yako ya usafi. Kila wiki duara lisikie kilichofanyika na kilichoshindikana. Kushindwa kusemwe bila kukemewa; tafuteni pamoja kipimo kidogo zaidi.

*Wiki ya 11 na 12* ni za nyumbani, na hapo mnaleta kwenye duara alichokikuta mwenzenu wa sita huko nje. Msilete ahadi wala lawama, leteni habari: mama yupo, mtoto yuko darasa la nne, mke ameolewa kwingine. Habari ya mwisho ya aina hiyo isemwe faraghani kabla ya kipindi, kamwe si ndani ya duara.

Yanayoharibika na sababu zake

Toba ya maonyesho ndiyo ya kwanza. Ukiona mtu analia vizuri mbele ya mgeni na anamnyang'anya mwenzake uji kesho yake, mmemfundisha ninyi, kwa kutoa kitu badala ya machozi. Dawa ni kuondoa zawadi. Cheti kiseme amehudhuria vipindi vingapi kati ya 12, basi. Kisiseme amebadilika, hamjui.

Pili ni kubadili dini. Duara likianza kuhesabu waliosilimu au waliookoka, uongozi utawaona kama wavuvi, na wafungwa wa dini nyingine wataondoka. Anayetaka kubadili dini aonane na kiongozi wa dini hiyo nje ya duara, baada ya wiki 12.

Tatu, barua. Mtu mliyempenda atakuomba umpelekee mkewe karatasi ndogo. Itaonekana ni huruma. Karatasi hiyo inaweza kuwa ya mke, inaweza kuwa ya shahidi anayetishwa. Ukiibeba mara moja, umefungwa mdomo daima, na ikigunduliwa kibali cha kikundi chote kinafutwa. Jibu ni moja kwa wote: "Ipitishe ofisini."

Nne, uhamisho. Mshiriki anaweza kuhamishwa gereza jingine wiki ya nane bila taarifa. Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe na orodha ya wiki alizomaliza na fidia aliyochagua, ili kikundi cha huko, kikiwapo, kijue pa kuanzia.

Tano, waongozaji wenyewe kuchoka. Baada ya kila kipindi kaeni nusu saa nje ya gereza, kila mmoja aseme lililomgusa. Msipofanya hivyo, mzigo utaishia nyumbani kwenu, na wiki ya saba wawili watakuwa "wana safari".

Katika kumbukumbu zenu andikeni mahudhurio, makosa ya nidhamu ya ndani kwa miezi mitatu kabla na mitatu baada ya mpango kama ofisi itakubali kuwapa idadi, fidia zilizokamilika, na ndugu walioanza kutembelea tena. Miezi 12 baada ya mtu kutoka, mtafuteni muulize anaishi wapi na anafanya nini.

Getini

Kati ya wale wawili waliokuwa gerezani na Yusuf, aliyetoka salama alimsahau. Vikundi vya dini husahau upande wa pili: hukumbuka waliomo, na humwacha anayetoka asimame barabarani na mfuko wa plastiki.

Siku 30 kabla ya mtu kutoka, kaeni naye mjaze karatasi moja: atalala wapi usiku wa kwanza, nauli ni kiasi gani na nani analipa, kitambulisho kiko wapi, dawa anazotumia zitapatikana zahanati ipi, nani mtaani hatakiwi kukutana naye. Mwenzenu wa sita aende kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa chifu upande wa Kenya, pamoja na ndugu mmoja, kabla mtu huyo hajafika. Kijiji kinachoambiwa mapema huuliza maswali magumu, lakini huyauliza mchana. Mahali ambapo aliyeumizwa anaishi jirani, shaurianeni na afisa ustawi wa jamii kuhusu kumpeleka kwa ndugu wa mbali kwa miezi ya mwanzo.

Siku yenyewe mtu wenu awe getini tangu asubuhi, na nguo za kiraia za saizi yake. Mpelekeni mpaka mlango wa nyumba, si mpaka stendi. Kisha mtu mmoja, aliyechaguliwa kabla, ampigie au amfikie kila siku kwa siku 7 za kwanza, mara mbili kwa wiki mpaka siku ya 30, na mara moja kwa wiki mpaka siku ya 90. Msikiti au kanisa lisimsimamishe mbele kutoa ushuhuda katika siku hizo 90. Apewe jamvi la kukunja, viti vya kupanga, zamu ya kufagia kama wengine.

Daftari lake arudi nalo. Ukurasa wa fidia bado una nafasi.